Kelele Inayohama: Miaka 80 ya Kupoza Kompyuta

Anayetaka kujiundia kompyuta ya gemu isiyowanyima usingizi walio chumba cha pili mara nyingi huanza kwa kuuliza anunue feni ya kampuni gani. Swali si baya, ila limewahi mno. Kompyuta hupiga kelele kwa sababu ina joto jingi linalotakiwa kutolewa haraka kupitia mahali padogo. Na lipo jambo la pili, ambalo mafundi wa fani hii walilielewa polepole: kelele ya kompyuta haiishi, inahama. Ukiituliza pawa saplai, unaanza kusikia prosesa. Ukiituliza prosesa, diski iliyokuwa ikikwaruza siku zote inasikika. Ukiiondoa diski, kadi ya grafiki inajitangaza. Orodha ya vipuri ya mnunuzi wa leo, akiipanga vizuri, inafuata hatua zile zile ambazo historia ilizipitia.

Hapo mwanzo hapakuwa na aliyejali. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia Februari 1946, ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000, uzito wa tani 30 hivi, na ilikula umeme wa takriban kilowati 150. Umeme huo uligeuka joto ndani ya jengo moja, na mitambo ya kupuliza hewa ilikuwa sehemu ya kompyuta sawasawa na valvu zenyewe. Miaka 30 baadaye Cray-1, iliyofikishwa katika maabara ya Los Alamos mwaka 1976, ilihitaji kilowati 115 na ikapozwa kwa freoni, kama majokofu ya wakati huo. Mrithi wake wa mwaka 1985, Cray-2, alizamishwa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Mitambo hiyo ilikaa katika vyumba vyake, na waliokuwa humo walikuwa kazini. Kelele ilikuja kuwa kero siku kompyuta ilipohamia mezani nyumbani.

Aliyelichukulia jambo hili kwa uzito mapema kuliko wengine ni Steve Jobs. Hakutaka feni kabisa katika Apple II ya mwaka 1977, na kazi ya kulitimiza hilo ikamwangukia mhandisi Rod Holt. Pawa saplai za kawaida za wakati ule zilibeba transfoma nzito na kupoteza umeme mwingi kwa njia ya joto. Holt akaunda ya aina nyingine, inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja. Ikawa nyepesi, ndogo, na baridi kiasi cha kutohitaji upepo. Apple II ikauzwa kwa miaka mingi, na wengi walioikumbuka baadaye walisahau kwamba moja ya sifa zake ni kwamba haikusikika.

Mafanikio yakaleta kiburi. Apple III ya mwaka 1980 nayo ilitakiwa iwe bila feni, safari hii ikiwa na saketi nyingi zaidi zilizobanana chini ya kasha zito la alumini. Chipu zikawa zinachomoka kidogo kidogo katika soketi zake. Wapo wanaobisha hadi leo kama joto peke yake ndilo la kulaumiwa, lakini ushauri uliowafikia wateja unajulikana: inyanyue mashine inchi chache kutoka mezani, kisha iachie, ili chipu zirudi mahali pake. Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, ikarudia msimamo ule ule, na feni ikaingizwa mwaka 1987 katika Macintosh SE. Hata mwaka 2000 Jobs alileta tena mashine isiyo na feni, Power Mac G4 Cube, ambayo utengenezaji wake ulisitishwa mwaka uliofuata. Lengo lake lilikuwa sahihi. Alichokosea ni kudhani kwamba feni ikifukuzwa, joto nalo litaaga kwa heshima na kuondoka.

IBM hawakuwa na mashairi hayo. Kompyuta yao ya Agosti 1981 iliendeshwa na Intel 8088 yenye kasi ya megahezi 4.77, na ndani ya pawa saplai yake ya wati 63.5 kulikuwa na feni moja iliyovuta hewa ya kasha zima na kuitupa nyuma. Dunia nzima ikaiga mpango huo, na kwa miaka kama 20 feni ya pawa saplai ikawa ndiyo pumzi ya kompyuta. Prosesa yenyewe haikuhitaji chochote juu yake. Ilikuwa kipande cha kauri kilicho uchi, unakigusa kwa kidole na huungui.

Hali hiyo ilibadilika bila tangazo. Prosesa za 486 zenye kasi, kuanzia mwaka 1992, zilianza kuvishwa vipande vya alumini vyenye mapezi. Pentium ya Machi 1993, ikitafuna wati 15 hivi, ikaja na feni ndogo mgongoni. Desemba mwaka huo huo lilitoka gemu la Doom, na miaka miwili na nusu baadaye Quake. Ghafla vijana wenye kompyuta za kufanyia hesabu za ofisi walikuwa na sababu ya kutaka kila megahezi inayopatikana. Kadi za grafiki za Voodoo za kampuni ya 3dfx, zilizoingia sokoni mwaka 1996, kwa kawaida hazikuwa na feni. GeForce 256 ya Nvidia, mwaka 1999, tayari ilikuwa nayo. Tangu hapo kila kadi ya maana ya gemu ikawa na feni yake, na kila feni ilikuwa ndogo kuliko inavyopaswa.

Ukubwa wa feni ndio moyo wa jambo hili. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi yake, hewa inayopita hupungua kwa nusu, lakini sauti hushuka kwa desibeli 15 hivi. Na sikio la binadamu huhesabu upungufu wa desibeli 10 kuwa takriban nusu ya kelele. Kwa hiyo njia ya kupata hewa nyingi kwa utulivu ni kuipanua feni na kuipunguzia mbio. Kila aliyewahi kulala chini ya pangaboi linalozunguka polepole, na siku nyingine akalala na kifeni cha mezani kilichowekwa namba tatu, anaifahamu fizikia hii bila kufundishwa. Watengenezaji wa kompyuta wa miaka ya 1990 walifanya kinyume chake: joto liliongezeka, feni ikabaki sentimita 6, mizunguko ikapandishwa.

Wacheza gemu wenyewe walichochea moto. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300, na watu wakagundua kwamba kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu wa mazabodi ilikubali kwenda 450 bila kulalamika. Mchezo wa kupandisha kasi ukaenea kama homa. Zilipofika Athlon za AMD za mwaka 2000 na 2001, zilizokula wati 70 na ushei, mashabiki walizifunga mapande ya shaba yenye feni za sentimita 6 zilizozunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Zilipiga mluzi kama birika, na mwenye nazo alijisifu.

Aibu ya kweli ilikuja mwaka 2003. Nvidia, ikiwa imeachwa nyuma na mpinzani wake ATI, ilileta GeForce FX 5800 Ultra yenye kipozeo kilichochukua nafasi mbili za mazabodi: hewa iliingizwa kutoka nyuma ya kasha, ikapitishwa kwenye mapezi ya shaba, kisha ikatolewa pale pale nyuma kupitia mlango wa pili. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Shida ilikuwa feni, ndogo na ya mbio, ambayo gemu likianza ilipandisha sauti ghafla hadi mtu wa chumba kingine akauliza kuna nini. Wapinzani waliibatiza jina la kifaa cha kufyonza vumbi. Nvidia yenyewe ikaamua kucheka kabla haijachekwa zaidi: ikatengeneza video ya utani inayowaonyesha watu wakiitumia kadi ile kupulizia majani uani. Mwezi Mei mwaka huo huo mrithi wake, FX 5900 Ultra, alikuwa ametulia zaidi. Ninaiona kadi hiyo kuwa alama ya mpaka. Kabla yake kelele ilikuwa dalili ya nguvu. Baada yake mchunguzi yeyote wa kadi mpya alitakiwa aseme pia inasikikaje.

Upande wa prosesa, hesabu ilikuwa imekaribia ukutani. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volti nazo zinaweza kupunguzwa, hivyo chipu yenye transista nyingi zaidi isizidishe joto kwa kila milimita ya mraba. Kanuni hiyo ilibeba tasnia nzima kwa miaka 30. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volti ikagoma kushuka. Februari 2001 Pat Gelsinger wa Intel aliwaambia wahandisi wenzake kwamba mwendo ule ule ukiendelea, chipu za katikati ya muongo zingekuwa na joto kwa eneo sawa na tanuri la nyuklia, na baadaye sawa na uso wa jua. Alikuwa akionya, na kampuni yake mwenyewe ikaendelea mbele.

Matokeo yake yaliitwa Prescott, toleo la Pentium 4 la Februari 2004, ambalo katika namna zake za juu lilifika wati 115. Mei mwaka huo Intel ilifuta mrithi aliyekuwa anaandaliwa. Oktoba ikafuta Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa, na mkurugenzi wake mkuu, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya maelfu ya watu wa teknolojia kuomba radhi, nusu utani, nusu kweli.

Wokovu ulitoka kwenye kompyuta za mapajani. Timu ya Intel ya Haifa, Israeli, ilikuwa imetengeneza Pentium M ya mwaka 2003 kwa ajili ya mashine zinazotegemea betri, na ilikula wati 25 hivi huku ikifanya kazi iliyokaribia ile ya Pentium 4. Wapenda utulivu waliligundua hilo mapema. Mwaka 2005 Asus iliuza hata kiunganishi cha kuifunga prosesa hiyo ya mapajani katika mazabodi ya kawaida. Kutoka ukoo huo ilizaliwa Core 2 Duo ya Julai 2006: wati 65, na kasi iliyoiacha Prescott mbali. Sidhani kama kuna kifaa chochote cha kupozea kilichowahi kutuliza kompyuta nyingi kwa mpigo kama badiliko hilo la mchoro wa chipu. Funzo hilo bado linamfaa mnunuzi: wati usizozizalisha huhitaji kuzifukuza.

Wakati chipu zikipoa, watu wengine walikuwa wakishughulika na chuma. Mwaka 1963 George Grover wa Los Alamos alionyesha bomba lililofungwa pande zote, lenye kimiminika kidogo na utambi ndani yake. Upande wa moto kimiminika kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi na kurudi kuwa maji, na utambi unayarudisha yalikotoka. Hakuna mota wala sauti, na joto husafiri kwa wepesi ambao shaba tupu haiufikii. Teknolojia hiyo ilikusudiwa kwa vyombo vya angani. Ikaja kutumika katika kompyuta za mapajani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaingia katika za mezani. Zalman ya Korea Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilikuwa imekwisha kuwazoesha wateja vipozeo vikubwa vilivyochanua kama ua. Mwaka 2005 Scythe ya Japani ikatoa Ninja, mnara wa mapezi uliopitiwa na mabomba ya joto, wenye nafasi ya feni ya sentimita 12. Mapezi yake yalikaa mbali mbali kiasi kwamba prosesa ya kiasi iliweza kupozwa bila feni yoyote, ikitegemea tu hewa ya kasha.

Mwaka huo huo wa 2005 ilianzishwa Noctua ya Austria, yenye nembo ya bundi na feni za rangi ya maziwa na udongo ambazo wengi walizicheka kabla ya kuzinunua. Ukitaka kuona utulivu unagharimu nini, itazame feni yao ya NF-A12x25 ya mwaka 2018. Kati ya ncha za mapanga yake na fremu kuna mwanya wa nusu milimita tu. Mwanya ukiwa mpana, hewa huponyoka pembeni na kurudi nyuma. Ukiwa mwembamba, feni husukuma hewa kwenye mapezi yaliyobanana bila kuongezewa mbio. Tatizo ni kwamba plastiki ya kawaida, ikizungushwa kwenye joto kwa miaka, hurefuka polepole, na mapanga yangefika siku moja yakakwaruza fremu. Kwa hiyo walitumia plastiki ngumu ya aina ya fuwele-kimiminika isiyorefuka. Kuna feni za robo ya bei yake ambazo katika kasha lenye hewa ya kutosha sikio halitazitofautisha nayo, na mimi singemlaumu anayezichagua. Lakini anayeuliza kwa nini kipande cha plastiki kinauzwa bei ile, jibu liko kwenye nusu milimita hiyo.

Namna ya kuziendesha feni nayo ilibadilika. Zamani fundi aliyetaka utulivu alichomeka waya mmoja wa feni kwenye volti 12 na mwingine kwenye volti 5, akapata 7, feni ikapoa. Intel ikaja kuweka plagi ya pini 4, ambapo ishara ya mazabodi huikatia na kuirudishia mota ya feni umeme mara 25,000 hivi kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio kusikia, na kuipangia mbio kulingana na joto. Leo hiyo ni kazi ya dakika chache kwenye mipangilio ya mazabodi, na haina gharama. Ajabu ni wangapi hununua feni za fedha nyingi wakaziacha zikipanda na kushuka kila sekunde kwa mpangilio wa kiwandani. Kupanda na kushuka huko huudhi kuliko sauti ndogo isiyobadilika.

Basi feni zilipotulia, diski zikasikika. Diski ya kawaida ilizunguka mara 7,200 kwa dakika juu ya beringi za gololi, na kila ilipotafuta faili mkono wake uligonga. Barracuda ATA IV ya Seagate, mwaka 2001, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kwa kompyuta za mezani kutumia beringi za mafuta, na mluzi ukafifia. Uliobaki ulikuwa mtetemo. Wenye bidii waliinyofoa diski katika skrubu zake na kuining'iniza kwa kamba za mpira ndani ya kasha, kazi iliyoonekana ya kichaa na iliyofaulu kabisa. Septemba 2008 Intel ilianza kuuza X25-M, SSD ya gigabaiti 80 kwa bei ya jumla ya dola 595, na kilichokuwa kikizunguka hakikuwepo tena. Bei ikaporomoka mwaka hadi mwaka, na sura hiyo ikafungwa. Anayeunda mashine leo asiweke diski ya kuzunguka ndani kabisa. Kama ana filamu na picha za miaka, zikae kwenye diski ya nje inayochomekwa ikihitajika.

Pawa saplai ilirekebishwa na watu waliokuwa wakifikiria bili ya umeme. Mpango wa 80 PLUS, ulioanza Marekani mwaka 2004, ulitaka pawa saplai ipoteze si zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaouvuta. Piga hesabu: mashine inayohitaji wati 300, ikiwa na pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 70, huvuta wati karibu 430, na wati 130 zinageuka joto ndani ya kisanduku kidogo. Ikiwa na ya asilimia 92, zinazopotea ni wati 26. Ndiyo maana pawa saplai nzuri za leo huzima feni kabisa mzigo ukiwa mdogo. Hapa ndipo pasipofaa kubania fedha: nunua yenye uwezo wa karibu mara mbili ya matumizi yako ya kawaida, nayo itafanya kazi pasipo kuhema.

Makasha yalipitia mtindo na mtindo. Antec P180 ya mwaka 2005 iliihamishia pawa saplai chini, katika chumba chake, na kuta zake zilikuwa za tabaka tatu ili zisitetemeke. Fractal Design ya Sweden, kwa kasha lake la Define la mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilieneza milango iliyofungwa yenye sponji nzito ndani. Kwa miaka kadhaa kasha tulivu lilimaanisha kasha lililozibwa. Kisha kadi za grafiki zikazidi kuwa na joto, hewa ikakosa pa kupita, feni zikakimbia, na sponji haikuweza kuzificha. Kampuni ile ile ikaja kuuza makasha yenye uso wa wavu. Kwa kompyuta ya gemu mimi nipo upande wa wavu.

Kwa sababu mwishoni kila kitu kinaishia kwenye kadi. GTX 480 ya Machi 2010 ilikuwa ya wati 250, na feni yake ya kupuliza ilirudisha kumbukumbu mbaya za mwaka 2003. Nvidia ilijirekebisha kama Intel ilivyojirekebisha, kwa kubadilisha chipu: GTX 750 Ti ya Februari 2014 ilikula wati 60 tu na haikuhitaji hata waya wake wa umeme, na GTX 980 ya Septemba ilishinda kadi za kabla yake kwa wati 165. Mwaka huo huo zilienea kadi ambazo feni zake hazizunguki kabisa hadi joto lifike nyuzi 60 hivi. Kisha mbio zikaanza upya. RTX 4090 ya Oktoba 2022 iliruhusiwa wati 450, na RTX 5090 ya Januari 2025 wati 575. Cha kushangaza, nyingi ya kadi hizi kubwa si za kelele, maana zina minara ya mapezi minene kuliko ya prosesa na feni tatu pana. Ila wati 575 ni pasi ya umeme ya kiasi iliyoachwa mezani: kasha likituliza sauti, chumba kinapata homa.

Hivyo chagua kadi ya daraja la kati yenye kipozeo kilichokusudiwa kadi kubwa. Watengenezaji wengi hutumia chuma kile kile kwa madaraja mawili. Punguza kikomo chake cha umeme kwa asilimia 20 au 30, upoteze picha chache tu kwa sekunde. Na funga idadi ya picha ziendane na skrini yako. Kadi iliyoachiwa huru kwenye ukurasa wa menyu huchora picha mamia kwa mamia bila faida, na hapo ndipo koili zake huanza kulia mluzi mwembamba ambao hakuna feni ya Austria itakayouponya. Skrini inayokubali kubadilisha mwendo wake kufuata kadi, teknolojia iliyoanza mwaka 2013, ni kifaa cha utulivu ingawa hakiuzwi kwa jina hilo.

Maji nayo yana mashabiki wao. Asetek ya Denmark ilifanya mfumo uliofungwa kiwandani, pampu na rejeta pamoja, uwe bidhaa ya kawaida, na Corsair H50 ya mwaka 2009 ikaufikisha kwa kila duka. Kwa prosesa ya wati nyingi mno unasaidia. Kwa nyingine, umeongeza pampu, ambayo nayo ni mota.

Baada ya yote hayo kasha linaponyamaza, kinachobaki ni vidole vya mchezaji. Kibodi ya IBM Model M ya mwaka 1985 ilikuwa na springi iliyojikunja kwa kishindo, na kwa mchapaji kishindo hicho kilikuwa msaada. Wacheza gemu walipozirudia kibodi za swichi karibu na mwaka 2010, wengi walichukua Cherry MX Blue, inayobofya kwa makusudi, na ndugu wa chumba kimoja wakapata adui mpya. Zipo swichi zenye vipande vya mpira ndani vinavyomeza mgongano wa kwenda na wa kurudi, na baada ya viwanda vya China kuingia katika soko hilo bei yake si ya kutisha. Kipanya cha kimya nacho kipo. Aliyetumia mamilioni kwenye kasha na kubaki na kibodi ya kubofya saa saba usiku hajatuliza kitu.

Vipimo vya desibeli vinavyochapishwa Ulaya hupimwa kwa kawaida katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari chumba kina nyuzi 30 na zaidi, na joto la chipu hupanda sambamba na la chumba, kwa hiyo feni ile ile itakimbia zaidi huku. Vumbi linaziba mapezi, na feni inafidia kwa mbio. Kichujio cha kusafishwa kila mwezi kina thamani kuliko feni ya ziada. Kwa upande mwingine, chini ya pangaboi linalofanya kazi, kufukuzia desibeli tatu za mwisho ni kutupa fedha.

Wengi hapa wala hawaanzii dukani, wanaanzia na mtumba wa ofisi, na humo kuna mabaki ya historia yenye faida. Intel ilikuwa imebuni mpangilio wa kasha ulioitwa BTX kuituliza Prescott, wenye feni moja kubwa mbele inayopitisha hewa juu ya prosesa moja kwa moja. Madukani ulikufa mwaka 2006, lakini Dell iliutumia katika OptiPlex nyingi za ofisi, na ndiyo maana zile za zamani husikika kwa shida. Matoleo yaliyofuata, yenye pawa saplai iliyo chini ya wati 300 na plagi za Dell zisizolingana na za wengine, hayakubali kadi kubwa. Yanakubali kadi za wati 60 au 75 zisizohitaji waya, GTX 750 Ti au GTX 1650 ya mwaka 2019. Ongeza SSD, badilisha pesti ya prosesa iliyokauka, pulizia vumbi nje, na una mashine ya gemu ya kiasi inayosikika chini ya feni ya dari.

Imebaki UPS, ambayo kwa umeme wetu si anasa. Zile za mfumo wa kubadilisha umeme muda wote zina feni inayozunguka saa zote, na zimewahi kuwaharibia watu kompyuta tulivu waliyoihangaikia kwa miezi. Kwa matumizi ya nyumbani chukua ile inayosubiri kando na kuingia umeme ukikatika au ukiyumba. Nyingi za daraja hilo hazina feni inayozunguka katika hali ya kawaida. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe dukani, aiache dakika kadhaa, kisha achomoe plagi ukutani ili usikie inavyolia ikiwa kazini.